Kanga, Kinyago na Kibatari: Ufundi na Sanaa katika Maisha ya Kila Siku

Wasemapo watu juu ya sanaa ya taifa letu, aghalabu mawazo yao hukimbilia ngoma, vinyago vya mpingo, mashairi na hadithi za wazee. Wasemapo juu ya teknolojia, mawazo hayo hukimbilia kiwanda, injini na mitambo iliyotoka ng'ambo. Baina ya fikra hizo mbili umejengwa ukuta. Upande mmoja wa ukuta umewekwa mkono wa binadamu, jadi na roho. Upande wa pili chuma, haraka na faida. Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa ataje kazi za sanaa zilizomo nyumbani kwao, mara nyingi hujibu kwamba hakuna. Naye ajibupo hivyo, huenda mama yake amejifunga kanga, mdogo wake amebebwa mgongoni kwa kanga, na mlangoni pametundikwa kanga kuukuu badala ya pazia.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza ukuta huo na kuuliza kama una msingi wowote katika maisha ya wananchi. Swali hili si la mchezo. Mwezi Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilikumbusha taifa kwamba utamaduni ndio kiini na roho yake. Ikiwa tutakubali kwamba roho hiyo imo katika vitu vya kale na vya mkono tu, basi itatupasa kukubali pia kwamba kila kiwanda tunachojenga kinaipunguza, na kwamba maendeleo na utamaduni ni maadui. Mwandishi wa makala haya haamini hivyo. Lakini imani pekee haitoshi. Yafaa tuvitazame vitu vyenyewe.

Sanaa na Ufundi katika Lugha Yetu

Tuanze na lugha, kwani lugha huhifadhi fikra za waliotutangulia. Neno "sanaa" tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake lina maana ya kutengeneza au kuunda. Kutokana na shina hilo hilo Waarabu wamepata neno lao la kazi ya viwanda, na neno lao la kiwanda chenyewe. Kwa hiyo, kwa asili yake, neno tunalolitumia kumsifia mshairi na mchongaji ni ndugu wa damu wa neno linaloitaja karakana.

Tazama pia neno "fundi". Kwa Kiswahili, mtu anayetengeneza saa ni fundi. Mshona nguo kwa cherehani ni fundi. Seremala, mwashi na mhunzi ni mafundi. Lakini hata mpiga ngoma hodari ni fundi, na mtunzi aliyebobea katika mashairi huitwa fundi wa kutunga. Wahenga hawakuona haya kumvika malenga na mhunzi joho moja. Walichokitazama ni ustadi na manufaa ya kazi, wala hawakuuliza kwanza kama kazi hiyo ni ya kupendeza macho au ya kushibisha tumbo.

Ukuta tunaouzungumzia ulijengwa kwingine. Ilikuwa hasa katika karne ya 18 huko Ulaya ndipo wanafalsafa walipozitenga sanaa chache, kama vile uchoraji, uchongaji, muziki na ushairi, wakaziita sanaa nzuri, wakaziacha kazi nyingine zote zibaki kuwa kazi za mikono. Mgawanyo huo ulitufikia pamoja na shule za kikoloni. Picha iliyotiwa fremu ikawa sanaa. Mkeka ukawa kazi ya mikono, na somo lake likawa la wale walioonekana hawana akili ya vitabu. Kasumba hiyo haijatutoka yote. Bado yuko mwalimu anayempa mwanafunzi picha ya ng'ambo aifafanue, lakini hajapata kumwambia aifafanue nguo aliyovaa nyanya yake.

Nguo Iliyozaliwa na Mashine

Tuchukue basi mfano wa kanga, ambayo katika mwambao wa Kenya huitwa pia leso. Wengi huidhania kuwa ni nguo ya jadi ya tangu na tangu. Ukweli ni kwamba umri wake ni mfupi kuliko wanavyodhani. Ilichipuka katika miji ya pwani, Zanzibar na Mombasa, katika nusu ya pili ya karne ya 19, na tangu utotoni mwake ilikuwa mtoto wa kiwanda na wa jahazi.

Kabla yake palikuwa na marekani, nguo nyeupe isiyo na nakshi, iliyopewa jina la nchi ya Marekani ilikotoka kwa merikebu za wafanyabiashara. Palikuwa na kaniki pia, nguo iliyotiwa nili hata ikawa nyeusi. Kisha, kama inavyosimuliwa, wanawake wa mjini walianza kununua leso za mkononi zilizochapwa nakshi, ambazo jina lao lilitokana na Kireno, wakaziunga sita kwa uzi, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Wafanyabiashara walipoiona biashara hiyo, waliagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mfano huo. Inasemekana kwamba nakshi za mwanzo zilikuwa za madoadoa meupe juu ya weusi, kama manyoya ya ndege kanga, ndipo nguo ikaitwa kwa jina lake.

Twaona kwamba hatua ya kwanza ya ubunifu ilikuwa ya mvaaji. Kiwanda cha mbali kilichapa leso za kufutia jasho. Mwanamke wa pwani akaamua kwamba ni vazi. Mashine ilifuata nyuma, ikamtii.

Liko jambo la pili lenye uzito zaidi. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliitupa marekani na kaniki, zilizokuwa alama ya utumwa wao, wakajifunga kanga. Kwao nguo hiyo ya mashine, yenye rangi na nakshi, ilitangaza barabarani kwamba aliyeivaa ni mtu huru. Atakayesema kwamba kitu cha kiwandani hakiwezi kubeba utu wa watu, na aitafakari habari hiyo kwanza.

Mashine na Umbo la Kanga

Hata hivyo, historia pekee haiigeuzi nguo kuwa sanaa. Yafaa tuitazame kama mhakiki anavyolitazama shairi, tuulize imejengwaje.

Kanga ina sehemu tatu. Kuna pindo, yaani mpaka mpana unaoizunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani uwanja wa katikati wenye nakshi kuu. Na kuna jina, yaani maneno yaliyoandikwa ndani ya kijisanduku upande mmoja wa chini ya mji. Vipande viwili vilivyo sawa huuzwa pamoja, na jozi hiyo huitwa doti. Upana wake ni takriban mita moja na robo au pungufu kidogo, na urefu wake takriban mita moja na nusu, kiasi cha kumfunika mtu mzima toka kifuani hadi chini ya magoti.

Umbo hili limetokana na mazungumzo baina ya jicho na mtambo. Kitenge huchapwa kwa nakshi inayojirudia bila kikomo, na fundi cherehani hukata popote apendapo. Kanga haikubali hivyo. Pindo lake lazima lianze, ligeuke penye pembe, lifunge. Kila kipande ni picha nzima yenye mwanzo na mwisho. Pia, katika uchapaji wa nguo, iwe kwa vibao vya mbao kama zamani, au kwa silinda zilizochorwa, au kwa viunzi vya wavu, kila rangi huhitaji chombo chake peke yake. Rangi tano ni vyombo vitano, na gharama hupanda kila rangi inapoongezwa. Kwa sababu hiyo kanga nyingi zimejengwa kwa rangi chache, mbili, tatu au nne.

Hapa ndipo ustadi unapodhihirika. Mchoraji mwenye rangi tatu tu hana njia ya kuficha udhaifu wake. Hana vivuli wala mchanganyiko wa rangi mia. Hana budi aupange weupe wa nguo yenyewe uwe rangi yake ya nne, azikabilishe rangi zinazopigana, na achore umbo linalosomeka mbali, kwa kuwa kanga huonwa ikitembea. Kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa muda mrefu imehusishwa na maharusi wa pwani, imedumu kwa vizazi vingi kwa sababu hiyo hiyo: hakuna cha kuongeza wala cha kupunguza. Kama vile mizani na vina vinavyomminya mshairi hata akatoa maneno yasiyo na taka, ndivyo kikomo cha mtambo kilivyomminya mchoraji wa kanga. Kikomo cha teknolojia kimegeuzwa kuwa kanuni ya uzuri.

Jina la Kanga na Sauti ya Mvaaji

Sehemu inayoitenga kanga na nguo nyingine ulimwenguni ni jina lake. Majina ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi za Kirumi. Huko Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla na aliyeanza biashara yake mwaka 1887, hutajwa na wengi miongoni mwa walioyaeneza maneno hayo. Chapa yake, "Mali ya Abdulla", imesomwa na vizazi kadhaa vya wanawake wa Afrika Mashariki.

Tulitazame jina moja linalojulikana sana: "Japo sipati, tamaa sikati." Ni maneno manne tu. Yana pande mbili zinazokaribia kulingana, na kila upande unaishia kwa kina cha "ti", sawasawa na ukwapi na utao wa shairi. Lakini tazama kilichoachwa nje. Mtu huyu hapati nini? Hatuambiwi. Bibi harusi aliyecheleweshwa aweza kuivaa, na mkulima aliyekosa mvua miaka miwili, na mama anayetafuta mtoto, na msichana aliyeshindwa mtihani akaamua kuurudia. Mtunzi ameacha shimo katikati ya sentensi yake, na kila mvaaji hulijaza kwa maisha yake mwenyewe.

Hapa tunafikia kiini cha hoja yetu. Mashine huchapa maelfu ya doti zenye jina moja. Kwa hesabu ya kiwanda, zote ni sawa. Lakini doti moja ikitolewa na mume kumpa mke baada ya ugomvi, yasema jambo moja. Ikivaliwa na jirani siku ile tu apitapo mbele ya mlango wa mwenzake aliyemsengenya, yasema jambo lingine. Ikitandikwa juu ya mtoto mchanga au ikifunikwa juu ya maiti, yasema jambo la tatu. Maana haikukamilika kiwandani. Hata nguo yenyewe haikukamilika: doti huuzwa ikiwa kipande kimoja, na mnunuzi huikata mwenyewe na kuipinda kingo kabla ya kuivaa. Kazi iliyoanzwa na mtambo humalizwa na mkono, na usemi ulioanzwa na mtunzi humalizwa na mwili unaotembea.

Wapo wanaolalamika kwamba majina ya kanga yamekuwa vijembe na mipasho. Lalamiko hilo lina ukweli, wala hatuna haja ya kulificha. Lakini yatupasa tukumbuke kwamba mwanamke aliyekatazwa kusema barazani hakukatazwa kuvaa. Kanga ilimpa jukwaa ambalo hakuna aliyeweza kumshusha, kwa kuwa akiulizwa aweza kujibu kwamba amejifunga nguo tu.

Mhakiki hana budi pia kuzihukumu kanga mbovu. Zimechapwa kanga nyingi za kuadhimisha sherehe, za vyama na za kampeni za namna namna. Baadhi yake ni nzuri, na zimehifadhi kumbukumbu za taifa kuliko vitabu vingine. Lakini nyingi zimejaa nembo, tarehe na jina refu la ofisi iliyozitoa, hata mvaaji hana pa kuingia. Aliyejifunga kanga ya namna hiyo amegeuzwa kuwa ubao wa matangazo. Mtambo ni ule ule, pamba ni ile ile, rangi ni zile zile. Kilichokosekana ni lile shimo katikati ya sentensi.

Mkono Usio na Sauti

Ikiwa kitu cha mashine chaweza kuwa na sauti, je, kila kitu cha mkono kina sauti? Tukiangalie kinyago.

Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini ya Msumbiji wamesifika duniani kwa uchongaji. Mapiko yao, yaani vinyago vya kuvaliwa usoni, vilichongwa kwa ajili ya ngoma za jando na unyago, navyo vilikuwa na kazi iliyoeleweka na kila mtu wa kijiji. Baadaye wachongaji waliohamia mijini walibuni mitindo mipya ya mpingo, kama ule wa watu wengi walioshikana katika gogo moja, uliokuja kuitwa "ujamaa". Hizo ni kazi za ubunifu mkubwa, na hakuna anayezikana.

Lakini katika masoko ya vinyago ya miji yetu utaona pia safu ya twiga mia wanaofanana, waliochongwa kwa mkono mmoja mmoja. Mchongaji ameagizwa idadi. Urefu wa shingo umekwisha kupimwa kwa kipimo cha sanduku la msafiri. Mnunuzi hamjui mchongaji, mchongaji hamjui mnunuzi, na twiga mwenyewe hasemi neno baina yao. Mkono umegeuzwa kuwa mtambo, tena mtambo unaochoka na kulipwa kidogo. Lawama hii haimhusu mchongaji, ambaye ana watoto wa kulisha. Inahusu desturi yetu ya kuandika "sanaa" juu ya kila kilichochongwa kwa mkono, bila kuuliza kama kuna mtu anayesema ndani yake.

Mfano wa Edward Saidi Tingatinga unatufundisha zaidi. Mzaliwa huyu wa Tunduru, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa vyuoni. Alichukua vipande vya mraba vya hadibodi, mbao nyembamba za kiwandani zitumiwazo katika dari, akavipaka rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Rangi hiyo hung'aa, hukauka ikawa ngumu, wala haipendi kuchanganywa kwa upole. Basi naye hakuichanganya. Alichora wanyama wakubwa kwa rangi kavu zilizotengana, kwa mistari iliyo wazi, juu ya uwanja mtupu. Kama mchoraji wa kanga, aliupokea ukaidi wa kitu cha kiwandani akaufanya mtindo. Alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka michache tu, lakini mtindo wake umebaki na jina lake. Ni ajabu ya lugha kwamba jina hilo la ukoo ni sawa na neno tunalolitumia kuliita trekta.

Waliomfuata waliirithi rangi, ubao na wanyama. Baadhi yao waliendeleza, wakachora soko, hospitali, shetani na harusi, wakasema mambo yao wenyewe. Wengine walirudia chui yule yule kwa ajili ya mgeni yule yule, wakaingia katika safu ya twiga mia. Chombo kimoja, rangi moja, jina moja. Tofauti iko katika kuwapo au kutokuwapo kwa sauti.

Kibatari na Mpaka wa Sifa Zetu

Hadi hapa tumezungumza vitu vipendezavyo. Yafaa sasa tukitazame kitu cha kimaskini, ili hoja yetu isije ikawa wimbo wa kusifu tu.

Kibatari, au koroboi, ni taa iliyotengenezwa na fundi bati kwa makopo yaliyotupwa. Kopo la maziwa au la mafuta hukatwa kwa mkasi, kingo zake hukunjwa na kubanwa zisivuje, mrija mwembamba wa utambi huungwa juu kwa lehemu, na pembeni huwekwa kishikio. Mara nyingine maandishi ya kopo la asili husomeka bado chini ya mwali. Hakuna msumari uliopotea wala kipande kilichozidi. Kwa kadiri ya ustadi, fundi huyo hana la kumwonea haya mhandisi yeyote, na kitu chake kimewaangazia wananchi wengi kuliko taa yoyote ya thamani.

Pamoja na hayo, kibatari hutoa moshi. Humwumiza macho mtoto anayesoma, huweka masizi ukutani na kifuani, na kikianguka huteketeza nyumba. Mwenye umeme ambaye hukinunua akakiweka juu ya kabati kuwa pambo, kisha akasema "tazameni utamaduni wetu", anausifu umaskini wa mwenzake. Sanaa ya kila siku haina haki ya kutuzuia kutaka siku iliyo bora. Kijiji kipatapo umeme au taa ya jua, na tushangilie, wala tusimlilie kibatari. Kinachopaswa kubaki ni akili ya yule fundi, ambaye mkasi na lehemu yake vyaweza kutengeneza jiko la mkaa lisilopoteza moto, sanduku la shule na mfereji wa kuvunia maji ya mvua. Kitu hupita na wakati wake, lakini ustadi ukitunzwa hupata kazi nyingine.

Nani Ameshika Mtambo?

Twaweza sasa kurudi kwenye kanga kwa swali la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Kwa muda mrefu wa historia yake, nguo hii ya Waswahili haikuchapwa Uswahilini. Ilichapwa India, Ulaya na Japani, ikaletwa kwa meli. Sauti ilikuwa yetu, lakini koo lilikuwa la kukodi.

Baada ya uhuru palifanywa juhudi ya kuyabadili hayo. Mwaka 1968 kilizinduliwa Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Mwanza nako, karibu na mashamba ya pamba ya Usukumani, kikajengwa kiwanda cha Mwatex. Kwa mara ya kwanza pamba iliyolimwa nchini iliweza kusokotwa, kufumwa, kuchapwa na kuvaliwa pasipo kuvuka bahari. Mchoraji wa nakshi aliweza kwenda sokoni jioni akasikia kina mama wanasema nini, na neno hilo likarudi kwao likiwa limechapwa. Umbali baina ya mtunzi na mvaaji ulipungua.

Juhudi hiyo haikudumu kama ilivyotarajiwa. Mitambo ilichakaa, vipuri vilihitaji fedha za kigeni zisizopatikana, na milango ya biashara ilipofunguliwa, nguo za mitumba na za bei nafuu kutoka nje zilijaa masokoni. Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya nguo nchini vilisimama au vilibadilisha wenyewe. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado husafirishwa nje kabla ya kufumwa, na kanga nyingi zivaliwazo Dar es Salaam na Mombasa huchapwa India.

Je, jambo hili lina madhara kwa sanaa? Kwa upande mmoja, historia imetuonyesha kwamba mvaaji wa pwani aliweza kusema hata kwa nguo iliyochapwa ng'ambo. Kwa upande wa pili, macho yanatuonyesha majina yaliyokosewa herufi, maneno yaliyokatwa vibaya, na nakshi zinazonakiliwa bila kueleweka na mtu ambaye hajapata kumwona mwanamke akijifunga doti. Zaidi ya hayo, kijana wetu mwenye kipaji cha kuchora nakshi hana mtambo wa kufanyia kazi wala mlango wa kugonga. Taifa lenye usemi lisilo na mtambo wa kuuchapa hutegemea hisani ya wengine ili liisikie sauti yake lenyewe. Kwa hiyo suala la kiwanda cha nguo si la uchumi peke yake. Ni suala la utamaduni, na waliokabidhiwa utamaduni wana haki ya kuliulizia.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukuta baina ya teknolojia na sanaa hauna msingi katika lugha yetu wala katika nyumba zetu. Kanga ni ya mashine, nayo ina sauti. Twiga wa sokoni ni wa mkono, naye ni bubu. Kibatari kina ustadi, lakini twakitakia kipumzike. Hivyo basi, anayetaka kukihukumu kitu cha kila siku asiishie kuuliza kama kimetengenezwa kwa mkono au kwa mtambo. Na aulize maswali manne. Kitu hiki chawafanyia watu kazi gani? Aliyekitengeneza amekipokeaje kikomo cha vyombo vyake, kwa uvivu au kwa ubunifu? Je, kimemwachia mtumiaji nafasi ya kuongeza neno lake? Na je, ni nani aliyeshika mtambo uliokitoa?

Maswali hayo hayahitaji maabara wala makumbusho. Mwalimu wa Kiswahili, wa historia au wa sayansi kimu aweza kuwaomba wanafunzi wake waje na kanga moja kila mmoja kutoka nyumbani. Wazitandaze juu ya madawati, wahesabu rangi, wachunguze jinsi pindo lilivyogeuka penye pembe, wasome majina na kutafuta vina vyake. Kisha kila mmoja aeleze kanga hiyo ilipatikanaje, nani alimpa nani, na siku gani. Baadhi yao watagundua kwamba hawajui, na itawabidi warudi nyumbani kuuliza. Hapo ndipo somo litakapoanza, kwa maana mama aliyedhaniwa hana sanaa nyumbani kwake atalifungua sanduku, atazitoa doti zake moja baada ya nyingine, na kwa kila moja atakuwa na habari ya kusimulia.